Mimba ikiharibika, bosi aambiwe nini?

Malaria inasingiziwa mengi mjini Tukuyu, wilayani Rungwe, mkoani Mbeya. Mji uko zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, Juni watu wanashinda na makoti, na mbu wa kutisha wako kule bondeni Kyela. Lakini maofisini malaria haikauki. Nyingine ni ya kweli, ya mtu aliyeshuka Kyela Jumamosi kusalimia ndugu. Nyingine ni jina la kuombea ruhusa tu, na chini ya jina hilo kuna mambo ambayo mfanyakazi hataki yajadiliwe mbele ya bosi. Mimba iliyoharibika ikiwa na wiki nane au kumi, kabla hata majirani hawajaanza kumtazama mtu tumbo, ni mojawapo.

Wapo wanaouona huo kuwa udanganyifu. Si haki. Mfanyakazi aliyepoteza mimba changa hana deni la kumsimulia mwajiri kilichompata. Anachodaiwa ni cheti cha daktari. Zipo nyakati ambapo kusema kunamlinda, na nyakati hizo ni chache na zinajulikana. Ubaya ni kwamba sheria, waajiri na vyama vya wafanyakazi wamemwachia azibaini peke yake, siku ambayo bado anatoka damu.

Jambo lenyewe ni la kawaida kuliko linavyosemwa. Jarida la kitabibu la The Lancet, katika mfululizo wa makala za Aprili 2021, lilikadiria kwamba mimba milioni 23 huharibika kila mwaka duniani, yaani 44 kila dakika, na kwamba kati ya mimba zinazojulikana karibu asilimia 15 huishia hivyo. Hiyo ni mimba moja katika kila saba. Keti kwenye chumba cha walimu chenye wanawake saba waliowahi kushika ujauzito, ukumbuke kwamba wengi wao wameshika zaidi ya mara moja, na itakuwa ajabu asipatikane hata mmoja aliyepitia. Na takriban nusu ya zinazotoka mapema huwa na kasoro ya kromosomu tangu zilipotungwa. Hakuna ndoo ya maji aliyobeba wala safari ya bodaboda aliyopanda mama ambayo ingelaumiwa kwa hizo.

Tuchukue mwalimu wa shule ya msingi katika kata ya Kinyala. Mwalimu ni wa kubuni. Mazingira yake si ya kubuni. Alhamisi usiku amepelekwa hospitali ya wilaya ya Makandana, amesafishwa, ameruhusiwa na kupewa cheti cha kupumzika (ED) cha siku tatu. Jumanne asubuhi anarudi kazini. Daftari la mahudhurio liko juu ya meza ya mkuu wa shule, limefunguliwa, na mstari mwekundu umeshapigwa chini ya jina la mwalimu wa mwisho aliyewahi. Anasaini chini ya mstari.

"Pole sana, mwalimu. Hasa ilikuwa nini?"

"Tumbo tu, mkuu."

Mkuu ni mtu mwema, na wema huo ndio unaomfanya aulize tena. Tumbo la namna gani? Amekwenda kupima? Maana shemeji yake mkuu naye alianza hivyo hivyo, kumbe ni vidonda. Walimu wawili wameinua vichwa kutoka kwenye madaftari wanayosahihisha. Kwa dakika mbili hizo mwalimu anaamua jambo ambalo hakupata nafasi ya kulifikiria kitandani.

Akitaka siku zaidi itabidi aandike barua, na barua ya mtumishi wa halmashauri haiendi moja kwa moja. Inaandikwa kwa Mkurugenzi Mtendaji, kupitia kwa Afisa Elimu Kata, kupitia kwa Mkuu wa Shule. Kila "kupitia kwa" ni macho mapya na faili jipya. Katika jiji kama Dar es Salaam hao wangekuwa wageni wasiomjua. Rungwe karani anayepokea barua anaweza kuwa wifi yake, au anasali naye kanisa moja, na mama mkwe alikuwa bado hajaambiwa hata kwamba kulikuwa na mimba. Huku kumwambia mwajiri ni kuwaambia watu wengi kwa mkupuo, na bila kuwapo pale habari inapofika.

Kuna hofu nyingine, nzito zaidi. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inamtishia mwanamke aliyetoa mimba yake kinyume cha sheria kifungo cha hadi miaka 7, na aliyemtoa hadi miaka 14. Watafiti wa taasisi ya utafiti wa tiba ya NIMR, Chuo Kikuu cha Muhimbili na taasisi ya Guttmacher ya Marekani walikadiria kwamba mwaka 2013 mimba 405,000 zilitolewa nchini. Kwa wastani wa taifa ilikuwa 36 kwa kila wanawake 1,000 walio katika umri wa kuzaa. Nyanda za Juu Kusini, ilimo Mbeya, ilikuwa 47. Kwa hiyo meneja anayekunja uso akisikia "mimba imetoka" na kujiuliza kama imetoka au imetolewa, hakisii jambo lisilokuwapo. Ndiyo maana kukisia kwake ni hatari kwa yule ambaye mimba ilitoka yenyewe. Karatasi za hospitali nazo hazimsaidii: istilahi ya Kiingereza ambayo madaktari wengi huiandika, "abortion", ni ile ile kwa iliyotoka na kwa iliyotolewa. Daktari mwenzake anaielewa. Karani wa masijala anaisoma kama hati ya mashtaka.

Sheria inasemaje? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika mzunguko wa likizo wa miezi 36: 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu. Sharti la malipo ni cheti cha daktari aliyesajiliwa. Hakuna sharti la kusimulia. Upande wa uzazi kuna siku 84, au 100 kwa waliojifungua zaidi ya mtoto mmoja, lakini hesabu hiyo ni ya anayejifungua mtoto. Baba ana siku tatu, nazo zinamngoja mtoto huyo huyo. Mtoto akiugua au akifariki mzazi ana siku nne za malipo. Mimba ya wiki tisa haimo katika lolote kati ya hayo, kwa hiyo njia inayobaki ni ugonjwa. Si njia mbaya. Tena ina faida ambayo wanaodai likizo maalumu huwa hawaitaji: haiulizi maswali.

Mwaka 2022 Bunge lilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika Mei 2023, na taarifa za afya zimo katika kundi la taarifa nyeti. Tume ya kuisimamia ilizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Aprili 2024. Ofisi ngapi za Tukuyu zimebadilisha kabati la kuhifadhia vyeti vya wagonjwa tangu siku hiyo? Katika ofisi nyingi cheti bado kinabanwa kwenye faili la wazi, au kinaachwa juu ya meza "ili mhasibu akione".

Hata hivyo kunyamaza nako kuna gharama, na ingekuwa rahisi mno kumshauri kila mwanamke afunge mdomo. Gharama ya kwanza ni upweke. Wanyakyusa wa huku wanajua kuomboleza. Godfrey Wilson, aliyeishi nao pamoja na mkewe Monica miaka ya 1930 wakifanya utafiti, alichapisha mwaka 1939 makala nzima juu ya mazishi yao peke yake, na mtu aliyewahi kufika msibani Rungwe haoni ajabu. Hata leo mfanyakazi akifiwa na mzazi, ofisi inachangishana, gari linakodiwa, watu wanalala matanga. Mimba changa haina jeneza wala kaburi pembeni ya migomba, basi haina na rambirambi. Aliyenyamaza hawezi kupewa pole. Huko Nairobi Wanjiru Kihusa, aliyepoteza mimba zake mwenyewe, alianzisha shirika la Still A Mum kwa sababu hiyo: wanawake waliofikwa na jambo hilo hawakuwa na mahali pa kulisemea.

Gharama ya pili hupimwa kwa siku. Watafiti wa London na Ubelgiji waliowafuatilia mamia ya wanawake waliopoteza mimba changa waliandika mwaka 2020 kwamba mwezi mmoja baadaye asilimia 29 kati yao walikuwa na dalili za msongo unaofuata kiwewe, na miezi tisa baadaye bado asilimia 18 walikuwa nazo. ED ya siku tatu imekadiriwa kwa ajili ya damu. Haikukadiriwa kwa ajili ya mwalimu anayesimama mbele ya darasa la kwanza na kusahau anachotaka kuandika ubaoni, wala kwa afisa mikopo anayetakiwa kukusanya marejesho ya vikundi sita kwa siku juu ya pikipiki. Utendaji wake ukishuka na bosi hajui lolote, bosi ataandika kile anachokiona: uzembe.

Hapo ndipo kusema kunapoanza kuwa na maana. Anayeona kwamba wiki zinapita na kazi haiendi, au aliyekwisha kupata barua ya kujieleza, ana sababu ya kuvunja ukimya. Amwambie mtu mmoja mwenye mamlaka ya kubadilisha mzigo wake wa kazi. Si lazima awe msimamizi wa karibu, anaweza kuwa afisa utumishi. Amwambie kwa maandishi, mistari mitatu minne, abaki na nakala. Si kwa sababu mwajiri ni adui. Ni kwa sababu sheria ya 2004 inakataza ubaguzi kazini kwa misingi ya ujauzito, na inahesabu kumwachisha mtu kazi kwa sababu zinazohusiana na ujauzito kuwa si halali, lakini Tume ya Usuluhishi na Uamuzi haiwezi kupima nia ya mwajiri ambaye hakuwa na habari. Nakala yenye tarehe inaonyesha alijua lini. Na akiachishwa, mfanyakazi wa sekta binafsi ana siku 30 tu za kufikisha shauri kwenye Tume. Siku hizo haziongezeki kwa sababu mtu alikuwa kitandani, labda aombe na akubaliwe.

Wapo pia wanaofanya kazi yenye sumu. Rungwe ya leo si ya chai na ndizi tu. Parachichi zimejaa, na mashamba yanapigwa dawa. Sheria inamzuia mwajiri kumpangia mjamzito kazi inayohatarisha afya yake au ya mtoto. Mwajiri asiyejua hawezi kuzuiwa. Mwanamke anayebeba bomba la dawa mgongoni, ambaye amepoteza mimba na anatumaini kushika nyingine, ana sababu nzuri ya kutongoja wiki ya 20 ndipo aseme. Hata kama dawa haikuhusika na ile ya kwanza, kuondolewa kwenye bomba ni haki ambayo hupatikana kwa kutaja hali yake, na huenda ikambidi ataje yote mawili, mimba aliyoipoteza na ile aliyoishika.

Kwa asiye na ndoa, ushauri wa mwandishi huyu ni mkali zaidi: asiseme, mpaka alazimike. Anayefundisha kwenye shule ya taasisi ya dini, au anayeuza duka la mzee wa kanisa, akitaja mimba iliyotoka ametaja mimba iliyokuwapo, na mazungumzo hayatakuwa tena juu ya afya yake. Sheria inakataza ubaguzi kwa sababu ya hali ya ndoa pia. Lakini sheria haikai naye chumba cha chai saa nne.

Yote haya yanamhusu mtu mwenye mkataba. Chai ilipandwa Kyimbila na Wajerumani mwaka 1904, na tangu hapo sehemu kubwa ya kazi ya kuichuma Rungwe imekuwa ya mikono, mingi ikiwa ya wanawake. Anayechuma kwa kibarua analipwa kwa kilo. Asubuhi umande haujakauka, amejifunga nailoni kiunoni isimlowanishe, kikapu kiko mgongoni. Mchana analeta majani kwenye mizani, karani anaandika uzito, na uzito huo ndio siku yake. Yeye bosi wa kumwambia ni nani? Nyapara wa wiki hii huenda asiwepo wiki ijayo. Sheria inamnyima likizo ya malipo mwenye utumishi usiofika miezi sita, isipokuwa aliyeajiriwa kwa msimu, na yule aliyerudi kwa mwajiri yule yule na vipindi vyake vikajumlika kupita miezi sita ndani ya mwaka. Wachache wanaujua mlango huo mdogo, na wachache zaidi wana karatasi ya kuupitia. Matokeo yake mchumaji anarudi shambani kesho yake. Akianza kulowanisha pedi mbili kwa saa moja, akipata homa, au akisikia harufu mbaya, anapaswa kurudi hospitali mara moja, iwe Makandana, Igogwe au Itete. Akiwa katikati ya shamba, na kikapu bado hakijajaa, atajipa moyo mpaka jioni.

Nchi nyingine zimefanya nini? India iliandika wiki sita za likizo ya malipo kwa mimba iliyoharibika tangu 1961. New Zealand mwaka 2021 iliamua kwamba ni msiba, ikatoa siku tatu, kwa mama na kwa mwenzi wake. Zambia, ambayo kutoka Tukuyu unaifikia kabla ya chakula cha mchana, ilitunga sheria mwaka 2019 ya wiki sita, lakini kwa mimba iliyofika miezi mitatu ya mwisho, kwa hiyo ya wiki tisa imeachwa nje huko pia. Uganda ndiyo iliyo karibu na haja yetu: Sheria ya Ajira ya 2006 inasema katika siku 60 za kazi za likizo ya uzazi, angalau wiki nne zifuate kujifungua au kuharibika kwa mimba. Maneno machache tu, yamewekwa pembeni ya kujifungua kana kwamba hakuna la kushangaza.

Na Tanzania hubadilika ikisukumwa. Mama wa mtoto njiti zamani alimaliza siku 84 mtoto akiwa bado hajafikia hata uzito wa kuruhusiwa. Taasisi ya Doris Mollel, ambaye mwenyewe alizaliwa njiti, ilipiga kelele miaka mingi. Mei Mosi 2024 serikali ikakubali kuiongeza likizo hiyo, na marekebisho ya mwaka 2025 yakaiweka nyongeza ndani ya sheria. Lakini njiti anaonekana. Mbunge anaweza kwenda wodini, akapigwa picha akimtazama. Mimba changa haina picha ya kupeleka bungeni, na hatuwezi kuwataka wanawake wajitokeze mmoja mmoja na majina yao ili haki ipatikane.

Hapa wapo watakaodai likizo yenye jina lake, "likizo ya mimba kuharibika". Nia ni njema, utekelezaji una mtego: anayeijaza fomu hiyo ameshasema. Katika ofisi ya watu kumi na wawili, jina la likizo ni tangazo. Heri idadi ya siku iongezwe ndani ya likizo ya ugonjwa, daktari aandike siku anazohitaji mgonjwa bila kutaja kilichompata, na mwajiri azuiwe kudai zaidi ya hapo. Anayetaka kusema aseme.

Baadhi ya hayo hayahitaji Bunge. TPAWU, chama cha wafanyakazi wa mashambani, hukaa mezani na kampuni kujadili mikataba ya hali bora. Kipengele kimoja kingetosha kuanzia: mfanyakazi wa kike, pamoja na wa kibarua aliyerudi msimu wa pili, akileta cheti cha hospitali chenye idadi ya siku, alipwe siku zisizopungua 14 kwa wastani wa kilo zake za mwezi uliopita. Makarani wa mizani wanazo kilo hizo kwenye vitabu vyao.

Halmashauri nazo zina muhuri wa SIRI. Unapigwa kwenye bahasha za tuhuma za nidhamu, na bahasha hiyo haifunguliwi na Afisa Elimu Kata wala na wifi wa mtu masijala. Inafika ilivyofungwa kwa aliyeandikiwa. Mkurugenzi anaweza kutoa waraka wa ukurasa mmoja kwamba kuanzia sasa vyeti vya ugonjwa viende kwa Afisa Utumishi kwa bahasha ya namna hiyo, na mkuu wa shule apelekewe tarehe mbili tu: ya kuanza kupumzika na ya kurudi.